Sponji si dawa ya mtikisiko

Swali limekuja tena: "Niweke sponji ya unene gani chini ya GoPro ili video ya droni yangu isitetemeke?" Picha iliyoambatishwa inaonyesha kamera iliyokalia tabaka tatu za sponji ya kuoshea vyombo, imebanwa kwa mkanda. Ndugu zangu, acheni kupima sponji.

Mawimbi yale ya video yanayofanya ukuta ulionyooka ucheze kama maji yanatokana na namna sensa ya kamera inavyosoma picha: mstari kwa mstari. Propela za droni ya inchi tano hufikia kwa urahisi mizunguko 27,000 kwa dakika, yaani 450 kwa sekunde. Moja ikipinda, fremu ya droni inatikiswa mara 450 kila sekunde. Sensa inayotumia 1/60 ya sekunde kusoma picha moja itakuwa imetikiswa zaidi ya mara saba kabla ya kufika mstari wa mwisho.

Watu wanaamini kwamba kitu laini humeza mtikisiko, basi kikiwa laini zaidi kitameza zaidi. Si hivyo. Sponji husaidia pale tu inapopata nafasi ya kubonyea na kurudi. Ukiibana kwa mkanda mpaka ikalala, na karibu wote wanaoniandikia huibana hivyo, imeshakuwa ngumu na inapitisha kila kitu. Ukiilegeza, umeweka GoPro HERO11 Black, gramu 153, juu ya springi. Droni ikikata kona, kamera inachelewa, kisha inarudi na kupitiliza. Kila springi yenye mzigo ina mdundo wake wa asili. Upepo ukiupata mdundo huo, sponji inaukuza mtikisiko badala ya kuupunguza. Nayo kompyuta ya droni, iliyopangwa kuongoza mwili mmoja mgumu, inahangaika kurekebisha uzito unaohamahama, na mota zinapata joto. Ndipo mtu ananiandikia: "Nimeongeza tabaka, imezidi!" Lazima izidi.

Na sponji ikifaulu, hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Video inatulia, mwenye droni anafurahi, huku beringi iliyochakaa inaendelea kusagika. Siku mota inakwama hewani, chini pana watu wa harusi anayoirekodi na watoto wao.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Vua propela zote, zungusha mota moja moja, gusa mkono wa fremu kwa kidole. Unaotetemeka kuliko mingine umebeba mota mbovu, ibadilishe. Propela iliyogonga kitu, tupa. Kaza skrubu za fremu. Funga kamera kwenye kishikizi cha plastiki laini ya TPU kilichochapishwa kwa printa ya 3D, ulaini wake unatosha, ongeza mkanda wa usalama, kisha sogeza betri nyuma mpaka droni isawazike. Kwenye jua kali weka kichujio cha ND cha kupunguza mwanga, ushushe shata hadi 1/60 au 1/120 kwa video ya picha 30 kwa sekunde. Mawimbi madogo yatafifia. Kama utatuliza video baadaye kwa programu ya Gyroflow, zima HyperSmooth, kitulizaji cha ndani ya GoPro, na uache shata iwe ya kasi, kwa sababu programu hiyo haiwezi kufuta ukungu wa mwendo. Droni yako ikiwa ya kiganjani, usiibebeshe gramu 153: kamera ya Insta360 GO 2 ina gramu 27 hivi.