Gesi ya kupoza hewa ya injini: je, inamlipa mwenye lori?

Masoko ya Marangu Mtoni na Mwika huhudumiwa na malori ya aina mbili. Yanayoshuka hubeba ndizi. Yanayopanda hubeba saruji, mabati, mbolea na nafaka kutoka Himo. Hayo ya kupanda ndiyo yenye gharama, kwani kila lita ya dizeli inayoungua bure mlimani humrudia mnunuzi ndani ya bei ya mfuko wa saruji.

Kwa sababu hiyo, mwenye lori akisikia kwamba iko gesi ya mtungi inayopoza hewa ya injini na kuongeza nguvu, ni lazima atege sikio. Jambo lenyewe ni la kweli. Huko Marekani mbinu hiyo hutumika katika mashindano ya magari yanayokimbia mita 400. Swali la mfanyabiashara ni moja tu: je, inalipa?

KWA NINI GARI HUKOSA PUMZI

Mji wa Moshi uko mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu liko karibu mita 1,900. Kanieneo ya hewa Moshi ni kama asilimia 90 ya ile ya pwani. Langoni hushuka hadi karibu asilimia 80. Injini isiyo na turbo hupata hewa pungufu kwa kiasi hicho hicho. Dereva akikanyaga mafuta zaidi, dizeli hukosa hewa ya kuunguza, na matokeo yake ni moshi mweusi.

Turbo husaidia kwa kuishindilia hewa. Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Hewa ya nyuzi 30 za Sentigredi ikishindiliwa mara mbili huweza kupita nyuzi 120. Hewa ya moto hutanuka, hivyo inayoingia ndani ya silinda ni chache. Hapo ndipo panapohitajika intakula, yaani rejeta ya hewa iliyowekwa kati ya turbo na injini. Hiyo huishusha hewa hadi nyuzi 60 hivi bila malipo, kwa upepo tu.

Mbinu ya gesi huongezea hapo. Gesi ya ukaa hukaa mtunguni ikiwa kimiminika, na kwa joto la nyuzi 20 msukumo wake ni karibu mara 57 ya ule wa hewa ya kawaida. Ikifunguliwa hugeuka mvuke na theluji ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Hupuliziwa juu ya intakula kwa nje, nayo intakula hupoa.

HESABU YA MTUNGI

Tuchukue lori la injini ya lita 6 yenye turbo, likipanda kutoka Himo kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Injini hiyo huvuta yapata kilo 10 za hewa kila dakika. Kuishusha hewa hiyo kutoka nyuzi 60 hadi 40 ni kuondoa joto la kilojuli 200 kwa dakika.

Kilo moja ya gesi ya ukaa, hadi iwe mvuke wa joto la kawaida, hunyonya kilojuli 250 hivi. Kwa hiyo zinahitajika gramu 800 kila dakika. Kwa nusu saa ya kupanda ni kilo 24, na hapo tumedhani hakuna baridi hata kidogo inayochukuliwa na upepo. Kusema kweli nyingi huchukuliwa. Mtungi mzima huishia katika safari moja, na chuma chake mara nyingi ni kizito kuliko gesi iliyomo. Mwenye lori atakuwa anapandisha chuma badala ya saruji.

Faida yake ni ipi? Hewa huongezeka kwa asilimia 6 hivi. Nguvu haitaongezeka kwa kiasi cha maana bila pampu ya dizeli kuongezewa mafuta. Kinachopungua ni moshi na joto la ekzosi. Gari la mashindano hutumia gesi kwa sekunde chache tu, kisha mbio zimekwisha. Lori la Marangu halina sekunde, lina dakika.

Gesi yenyewe haikosekani nchini. Kampuni ya TOL, iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwezi Aprili 1998, huivuna katika visima vya asili wilayani Rungwe, Mbeya. Lakini gesi hiyo ina wanunuzi wake, hasa viwanda vya soda na bia, na kutoka Rungwe hadi Moshi ni safari ndefu. Mwenye lori ataingia soko hilo akiwa mnunuzi mdogo mwenye matumizi makubwa.

MAJI NI NAFUU ZAIDI

Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya kilojuli 2,400 hivi, karibu mara kumi ya gesi ya ukaa. Ndiyo maana magari ya Subaru Impreza STi yaliwekewa kifaa cha kurushia intakula maji. Kwa hesabu yetu ya nusu saa, lita mbili na nusu zingetosha. Tukikubali kwamba nyingi zitapotea, dumu la lita 10 linatosha. Maji yawe safi, kwani ya mfereji wenye tope yataziba mapezi ya intakula. Aidha, maji hufanya kazi vizuri kwenye ukavu wa Himo kuliko kwenye ukungu wa juu.

TAHADHARI

Gesi ya ukaa isiingizwe ndani ya injini: haiunguzi, hufukuza oksijeni na gari litazima. Mtungi usiwekwe ndani ya kebini, maana ukivuja gesi hujaa bila harufu na dereva huweza kuzimia. Wala isichanganywe na naitrasi oksaidi, ambayo ni gesi nyingine inayobeba oksijeni. Na mtungi wa oksijeni ya kuchomelea usisogezwe kabisa kwenye injini. Oksijeni ikikutana na oili hulipuka.

Ushauri wetu: mwenye lori aanze na vya bei ndogo. Asafishe vumbi na oili kwenye intakula, abadili chujio la hewa, akague mipira inayovuja kati ya turbo na injini. Akitaka zaidi, aongeze maji. Atakayebaki na hamu ya mtungi, na azidishe kilo 24 kwa bei atakayotajiwa, kisha alinganishe na nauli ya mzigo mmoja wa saruji.