Jua na Wenzi Wake Wawili

Wasikilizaji wetu, mtu asimamaye Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, jua likikaribia kutua, huenda siku moja akaona mianga miwili, mmoja kuumeni na mmoja kushotoni mwa jua. Wengine huingiwa na hofu. Lakini jua ni moja tu. Wenzi wale ni kazi ya barafu.

Barafu katika joto la pwani yetu? Naam. Kilomita 10 juu yetu baridi ni kali mno, na mawingu membamba ya huko ni chembe za barafu, bapa kama visahani, zenye pembe sita. Zikishuka zimelala, nuru hupenya ubavuni mwake ikapindwa kadiri ya digrii 22. Wekundu hukaa upande wa jua.

Tukitaka kupima, tusimame kivulini mwa mnazi, shina lifiche jua. Tunyoshe mkono na kupima shubiri moja toka pale jua lilipojificha: ndipo ulipo mwanga. Ila tusilikazie jua macho kamwe, maana huunguza jicho pasipo maumivu, na jicho lililoungua huenda lisipone.