Utalii na Uchumi wa Shelisheli
Kabla ya mwaka 1971, visiwa vya Shelisheli vilifikiwa hasa kwa meli, na uchumi wake ulitegemea mbata na mdalasini. Mwaka huo uwanja wa ndege wa kimataifa ulianza kutumika kisiwani Mahé, na utalii ukakua upesi hata ukawa nguzo ya uchumi.

Hata hivyo, fedha za watalii hazibaki zote nchini. Hoteli inunuapo mchele na nyama kutoka ng'ambo, sehemu ya mapato hurudi huko. Inunuapo samaki kwa mvuvi wa kisiwani, fedha huzunguka: mvuvi humlipa fundi wa mashua, naye fundi hununua mboga kwa mkulima.

Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipozuia safari, ilidhihirika kwamba nguzo moja haitoshi kuhimili nyumba.