Gemu 3 za kale zitakazokunyima usingizi

Umemaliza Resident Evil ukadhani hakuna kitakachokutisha tena? Ngoja kwanza. Kuna gemu za zamani ambazo wengi hawazijui, na ni noma.

Haunted House ya Atari (1982): Wewe ni macho mawili tu gizani. Unawasha kiberiti kutafuta vipande vya chungu, na jini likiingia chumbani, moto unazimika.

Sweet Home ya Capcom (1989): Watu watano wamenaswa kwenye jumba la mizimu. Akifa mmoja, hafufuki, na wewe unasonga mbele na pengo lake. Hapa ndipo Resident Evil ya 1996 ilipochota mawazo yake.

Clock Tower (1995): Jennifer hana bunduki. Anayemwinda ana mkasi mkubwa ajabu. Dawa ni kukimbia na kujificha, basi. Hii ilitolewa upya 2024, kwa hivyo anza nayo.

Usicheke picha zake hafifu. Gemu za siku hizi hukujaza risasi ukajiona shujaa. Hizi hukuacha mikono mitupu. Zima taa, vaa hedifoni, ujaribu.