Akiba Iliyo Ndani ya Simu

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya fedha zilizo ndani ya simu. Labda mwingine atauliza, jambo hili lahusu nini kanisa? Lahusu sana. Siku hizi, miongoni mwa wale wanaobaki nyuma baada ya ibada ili waonane na mchungaji, si wachache wanaokuja na neno la deni, na deni lenyewe limo mfukoni mwao.

Mama zetu walikuwa na benki yao, ncha ya leso. Shilingi ilifungwa fundo, na aliyetaka kuitumia ilimbidi alifungue mbele ya watoto wanaomtazama. Fundo lile lilimpa mtu nafasi ya kufikiri. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, fedha zetu zimekuwa salama kuliko zilipokuwa chini ya godoro, na twashukuru kwa hilo. Mzee aliyeko Taita hupokea fedha kutoka Nairobi kabla chai yake haijapoa. Lakini fundo limeondoka. Mtu agusa kwa kidole, nazo zimekwenda.

Basi anayetaka kuweka akiba kwa simu hana budi kulirudisha fundo. Fedha zilizokaa tu katika M-Pesa hazimzalii mwenyewe kitu, na kwa kuwa ziko karibu, zatumika. Mwaka 2012 ilianzishwa M-Shwari, ambayo ni akaunti ya benki inayofunguliwa kwa simu, na mwaka 2015 ikafuata KCB M-Pesa. Humo mtu aweza kufungia akiba yake kwa muda anaouchagua mwenyewe, tuseme mpaka siku ya karo, naye huongezewa faida kidogo. Akiba katika benki zetu imewekewa bima na shirika la KDIC, hadi shilingi 500,000 kwa kila mtu katika kila benki. Iko pia mifuko ya uwekezaji inayopokea fedha kidogo kidogo kwa simu. Hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na bima tuliyoitaja haiifikii. Angalieni kwanza kama jina la mfuko limo katika orodha ya Mamlaka.

Twawasikia wanaosema kwamba maskini hawezi kuweka akiba. Yusufu alitenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri katika miaka ya shibe, lakini yeye alikuwa na ghala za Farao! Mama anayeuza sukuma wiki kando ya barabara aanze na shilingi 20 kila jioni. Kwa mwaka ni shilingi 7,300. Hizo ni sare za shule, na pengine godoro la mtoto anayekwenda bwenini.

Sasa twataka mfanye jambo moja juma hili. Katika menyu ya M-Pesa iko njia ya kuomba taarifa ya akaunti, yenye kila shilingi iliyoingia na kila iliyotoka. Iombeni ya miezi mitatu. Kisha mkae mezani, mume na mke, na kalamu mbili. Kwa kalamu ya bluu tieni alama penye chakula, karo, nauli na sadaka. Kwa nyekundu, tieni alama penye malipo ambayo hakuna awezaye kueleza yalikuwa ya nini. Mtashangaa kuona jinsi ada za kutuma zilivyojumlika, maana anayetuma mara tano alizoweza kutuma mara moja hulipa ada mara tano. Na ikiwa mmoja wenu hucheza kamari kwa simu, karatasi itasema, hata kama yeye hakusema. Hatuwafichi, jioni hiyo yaweza kuwa ngumu. Mtakapoona sauti zapanda, wekeni karatasi kando, mle chakula, mrudi kesho.

Ziko programu za simu zinazosoma ujumbe wa M-Pesa na kumpangia mtu hesabu zake. Zina msaada, lakini mkumbuke kwamba programu mliyoiruhusu kusoma ujumbe yaweza kusoma na ule usioihusu. Sisi bado twaona daftari la kurasa 48 lafaa sana.

Tuje kwa mikopo. M-Shwari ilipoanza, ada ya mkopo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Yasikika ndogo. Aliyekopa shilingi 1,000 alirudisha 1,075. Lakini aliyekopa hizo hizo kila mwezi, miezi kumi na miwili, alilipa ada ya shilingi 900, na wakati wote huo hakushika zaidi ya ile elfu moja. Tangu mwaka 2019 iko pia Fuliza, ambayo humalizia malipo fedha zikipungua. Ni msaada wa kweli usiku mtoto anapougua. Shida yake ni kwamba fedha yo yote iingiayo katika laini hiyo hulipa deni kwanza.

Hapa twawasihi waweka hazina wa vikundi wasikilize vizuri. Tuseme mama mmoja anapokea michango ya matanga kwa laini yake mwenyewe, naye anadaiwa na Fuliza shilingi 2,000. Watu wanachanga 4,300. Ile 2,000 na ada zake zakatwa papo hapo, na siku ya mazishi mama huyu asimama mbele ya wafiwa akiwa na pungufu. Hakuiba, lakini nani atamwamini? Kikundi na kiwe na laini yake peke yake, isiyofunguliwa Fuliza, au akaunti yake.

Tena kuna wakopeshaji wa programu. Kwa muda mrefu baadhi yao waliwapigia simu jamaa na waajiri wa mdaiwa ili wamwaibishe. Sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2021, na kanuni zilizotolewa Machi 2022, ziliwaweka chini ya Benki Kuu na kukataza aibu za namna hiyo. Benki Kuu hutangaza majina ya wenye leseni. Asiyekuwemo, msimkaribishe katika simu yenu.

Neno la mwisho ni juu ya kifo, maana twazika kila juma. Fedha zilizoachwa bila mwenyewe katika simu na benki hupelekwa mwishowe kwa UFAA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, na jamaa wapaswa kuziomba huko. Wengi hawaziombi kwa sababu hawakujua kwamba zilikuwako. Andikeni katika lile daftari majina ya akaunti zenu, na mliweke pamoja na hati ya shamba. Nambari ya siri isiandikwe humo.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya karo ya shule. Kwaherini.