Proxima: Ndugu au mpita njia? Jinsi nyota tatu jirani zetu zinavyozungukana

MTU anayesimama mahali penye giza katika pwani ya Afrika Mashariki mwezi Juni, yapata saa tatu usiku, na kuelekeza macho yake kusini, huona nyota mbili zenye kung'aa upande wa kushoto wa Msalaba wa Kusini. Iliyo kushoto zaidi, ambayo ndiyo inayong'aa kuliko mwenzake, ni Alpha Centauri. Katika Kiswahili huitwa pia Rijili Kantori, jina lenye asili ya Kiarabu.

Kwa macho matupu ni nukta moja ya mwanga. Kwa hakika hapo pana nyota mbili, na kando yake ipo ya tatu isiyoonekana bila darubini. Hizo tatu ndizo nyota zilizo karibu zaidi na Jua letu.

Kwamba mbili za kwanza huzungukana halina ubishi. Lakini iwapo ile ya tatu ni ya familia hiyo, au ni mpita njia tu aliyekutwa karibu na nyumba ya watu, ni swali lililowasumbua wataalamu kwa takriban miaka 100.

Padri Jean Richaud, Mjesuiti kutoka Ufaransa, ndiye aliyeona kwanza kwamba nukta hiyo ni nyota mbili. Ilikuwa mwaka 1689 huko Pondicherry, India, alipokuwa akitazama nyota yenye mkia kwa darubini. Leo nyota hizo hujulikana kwa herufi A na B.

Nyota A ina tungamo lililozidi kidogo lile la Jua, na B imepungua kidogo. Watu wengi hudhani kwamba ndogo huizunguka kubwa, kama Mwezi unavyoonekana kuizunguka Dunia. Sivyo ilivyo. Zote mbili huzunguka nukta moja iliyo kati yake, mahali ambapo uzito wa pande mbili unalingana.

Mfano wake ni mzega wa mchota maji. Ndoo mbili zikiwa sawa, bega hukaa katikati ya mti. Ndoo moja ikiwa nzito zaidi, mchukuzi hulisogeza bega upande huo ili mzigo usipinduke. Kwa A na B, "bega" hilo liko karibu zaidi na A, na ndiyo sababu B hupiga mzunguko mpana kuliko mwenzake.

Mzunguko mmoja huchukua miaka ipatayo 80. Njia yenyewe si duara kamili bali ni duaradufu, yaani duara lililobanwa pande mbili. Zinapokaribiana, nyota hizo huachana kwa mara 11 ya umbali kati ya Dunia na Jua, ambao ni kilomita milioni 150. Zinapotengana, umbali huo hufikia karibu mara 36. Mvutano huzidi zinapokaribiana, nazo huenda kasi. Zikiwa mbali hujikokota.

Nyota ya tatu iligunduliwa Afrika. Mwaka 1915, Robert Innes, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kuchunguza anga mjini Johannesburg, Afrika Kusini, alilinganisha picha za anga zilizopigwa kwa kupishana miaka mitano. Aliona nyota hafifu iliyokuwa imehama kidogo, kuelekea upande uleule na kwa mwendo karibu uleule wa Alpha Centauri.

Nyota hiyo ilipewa jina la Proxima, neno la Kilatini lenye maana ya "iliyo karibu zaidi", kwa kuwa ipo umbali wa miaka ya nuru 4.24 tu kutoka kwetu. Ni ndogo, nyekundu, na tungamo lake ni kama sehemu moja ya nane ya lile la Jua.

Tatizo likawa umbali wake na wenzake. Proxima imeachana na A na B kwa mara 13,000 ya umbali wa Dunia na Jua, kiasi kwamba mwanga wenyewe huchukua zaidi ya siku 70 kufika. Nyota iliyo mbali hivyo, ikiwa inazunguka, huzunguka polepole mno hata maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuuona mwendo huo ukipinda.

Njia iliyobaki ilikuwa kupima kasi. Kila mvutano una kikomo chake: chombo kinachokwenda chini ya kasi fulani hurudishwa, kinachoizidi huponyoka. Kwa Proxima, kikomo hicho ni mita 545 kwa sekunde, ikilinganishwa na A na B.

Kasi ya nyota hupimwa kwa mwanga wake. Kama honi ya basi inavyosikika nyembamba basi linapokuja na nzito linapokwenda, ndivyo rangi za mwanga zinavyobadilika kidogo nyota inaposogea au kurudi nyuma. Lakini gesi inayotokota juu ya nyota, pamoja na mvutano wa nyota yenyewe, navyo huubadili mwanga huo, hivyo hesabu hukosewa kwa urahisi.

Mwaka 2017, Pierre Kervella na wenzake wawili walitoa jibu, wakitumia vipimo vya chombo kiitwacho HARPS kilichoko La Silla, nchini Chile. Baada ya kusahihisha kasoro hizo walipata kasi ya mita 273 kwa sekunde, ikiwa ni nusu tu ya kikomo. Proxima haiponyoki. Ni ndugu.

Kwa hesabu zao, huizunguka jozi ya A na B mara moja kwa miaka 550,000 hivi. Umbali huo ndio unaoleta amani katika familia hiyo. Nyota tatu zikikaa karibu karibu huvutana ovyo, na mara nyingi moja hutupwa nje. Hapa mbili zimeshikamana, na ya tatu inaziona kwa mbali kana kwamba ni nyota moja.

Jibu hilo lina uzito kwa wanaotafuta uhai. Mwaka 2016 iligunduliwa sayari yenye tungamo linalokaribia la Dunia, inayoizunguka Proxima kwa siku 11 tu. Umri wa nyota ndogo nyekundu ni mgumu kuukadiria, kwa kuwa hazibadiliki upesi. Lakini ikiwa Proxima ilizaliwa pamoja na nduguze, basi yenyewe na sayari yake zina umri wa miaka ipatayo bilioni 5, sawa na wetu au zaidi kidogo.

A na B zitakaribiana tena mwaka 2035, na wengi walio hai leo watashuhudia. Proxima haina haraka. Ilipopita mara ya mwisho mahali ilipo sasa, binadamu wa aina yetu hakuwa ametokea duniani.