Suurvy, mmea unaofunika mchanga

Katika nchi ya Katanga, mvua zikikoma mwezi wa Mei, udongo wa uwanja hubaki uchi. Majani hukauka. Upepo huinua vumbi, nalo huingia nyumbani, huingia katika chakula na katika macho ya watu. Hali hiyo hudumu mpaka Septemba au Oktoba.

Mbali upande wa kusini, pale Afrika inapokwisha, iko nchi nyingine yenye miezi mikavu. Ndiyo nchi ya Rasi ya Tumaini Jema, na mji wake mkubwa ni Cape Town. Lakini huko mambo yamegeuka. Mvua hunyesha wakati wa baridi, tangu Mei hata Agosti. Wakati wa joto, tangu Novemba hata Machi, mvua ni chache sana, jua ni kali, na upepo wa kusini-mashariki huvuma siku nyingi. Fikirini taabu ya mmea katika nchi ya namna hiyo. Joto likija, maji yamekwisha kwenda zake.

Hata hivyo, katika mchanga wa pwani ya huko huonekana kitu kama mkeka mzito wa kijani uliotandikwa chini, na juu yake maua makubwa ya manjano. Wenyeji wanaosema Kiafrikana huuita mmea huo suurvy, maana yake tini kali, kwa kuwa tunda lake lafanana na tini na lina uchachu mdomoni. Wataalamu huuita Carpobrotus edulis. Neno edulis ni Kilatini, maana yake kitu kinacholiwa.

Suurvy hausimami kama mti. Shina lake hutambaa, kama shina la kiazi kitamu, na kifundo kikigusa udongo huweza kutoa mizizi. Tawi moja laweza kufika mita 2. Majani yake ni manene kama kidole cha mtu mzima. Ukilikata jani kwa kisu na kutazama mahali palipokatwa, utaona umbo la pembe tatu, na maji yatadondoka. Jani la suurvy ni mtungi.

Lakini mtungi unaovuja hauna faida. Je, suurvy huzuiaje maji yake?

Jani la kila mmea lina matundu madogo sana, ambayo jicho haliyaoni. Kwa matundu hayo mmea huvuta hewa ya kutengenezea chakula chake. Tena kwa matundu hayo hayo maji hutoka na kupotea, kama jasho litokavyo katika ngozi ya mtu, na saa sita za mchana ndipo yanapopotea zaidi. Mimea mingi hufungua matundu mchana, kwa sababu chakula chake hutengenezwa kwa nuru ya jua. Suurvy, maji yakipungua, hufanya vingine. Mchana hufunga. Usiku, hewa ikiwa imepoa, hufungua, huvuta ile hewa inayoitaka, na kuiweka akiba ndani ya jani katika maji machachu. Kesho yake jua likitoka, huitumia akiba hiyo, na milango yake yote imefungwa. Msidhani kwamba jambo hili ni la nchi za mbali tu. Mnanasi unaolimwa Kongo hufanya vivyo hivyo.

Maua ya suurvy hufunguka jua likiwaka na kujifunga jioni. Upana wa ua moja ni sentimeta 10 hivi. Kwanza ni la manjano, na likianza kuzeeka hugeuka kuwa jekundu hafifu, hata katika mkeka mmoja huonekana rangi mbili. Nyuki huyapenda. Tunda likiiva hunyauka na kuwa la kahawia, na ndani yake mna mbegu nyingi katika utomvu mzito wenye utamu na uchachu. Watu huuza matunda hayo sokoni yakiwa makavu, au huyapika na sukari mpaka yawe mazito ya kupaka mkate. Utomvu wa jani, tangu zamani za Wakhoikhoi, hutumika kupaka mahali palipoungua na kusukutua koo linalouma.

Binadamu si peke yake. Nyani na nungunungu hula matunda, nao husambaza mbegu katika mavi yao. Kobe hutafuna majani. Panya nao huja kwa ajili ya matunda, na nyoka huja kwa ajili ya panya. Kifutu, yule nyoka mnene mvivu ambaye haondoki hata ukimkaribia, hupenda kulala chini ya suurvy akimngoja panya wake. Kwa hiyo mtoto wa Cape Town hatii mkono gizani mwa majani akitafuta tunda. Hutazama kwanza.

Kuupanda si kazi kubwa. Mtunza bustani hukata ncha ya tawi, urefu wa kiganja au kuzidi kidogo, akaondoa majani ya chini. Haipandi siku hiyo hiyo. Huiacha kivulini siku moja au mbili mpaka kidonda kikauke, maana kidonda kibichi kikizikwa katika udongo wa maji huoza. Halafu huiingiza mchangani, mahali penye jua kutwa nzima, na kuacha nafasi ya nusu mita au zaidi kati ya kipande na kipande. Wakati mwema ni mwanzo wa mvua. Hunyweshwa kidogo majuma ya kwanza, mpaka mizizi ishike, na baadaye huachwa. Kinachouua suurvy upesi ni maji yaliyotuama, kuliko kiu. Kazi inayobaki ni kung'oa magugu mpaka mkeka ujifunge wenyewe. Baada ya miaka, katikati huonekana mashina makavu tu. Basi hukatwa, na vipande vipya hupandwa pale pale. Jambo moja la kuangalia: majani yaliyojaa maji ni mazito sana, nao mkeka mkubwa juu ya genge lenye mteremko mkali waweza kuporomoka pamoja na udongo.

Kwa nini watu wajisumbue, na manyasi yapo? Huko Cape Town wengi hupanda mbele ya nyumba manyasi yanayoitwa kikuyu. Asili yake ni milima ya Kenya na ya Kongo ya mashariki, ambako mvua haikosi sana. Manyasi hayo ni mazuri, lakini yana kiu. Tangu mwaka wa 2015 mvua za Cape Town zilipungua miaka mitatu mfululizo, na maziwa ya kuwekea maji ya mji yakashuka vibaya. Tangu tarehe 1 Februari 2018 kila mtu aliamriwa atumie lita 50 tu kwa siku: kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kunywesha bustani kwa maji ya mji kulikatazwa kabisa. Manyasi yakawa makavu kama makuti. Mimea ya asili ya nchi ile, suurvy mmojawapo, ilikaa kijani bila ndoo hata moja. Mvua zilirudi katikati ya mwaka huo.

Mtu akisikia hayo atataka kuupeleka suurvy kila mahali penye ukame. Wako waliofanya hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ulipelekwa California, katika Marekani, ili ushike udongo kando ya njia za reli, na baadaye ukapandwa kando ya barabara kubwa mpaka miaka ya 1970. Ulishika udongo kweli. Lakini huko si kwao. Ulitambaa mpaka pwani, ukafunika maua madogo ya nchi ile na kuyanyima nuru na maji. Watu wa Kongo walioona gugu la maji likifunika mto Kongo tangu miaka ya 1950 wanajua mambo hayo: gugu hilo nalo lilitoka mbali, Amerika ya Kusini, na maua yake ni mazuri pia.

Leo watu wa California huenda pwani kuung'oa suurvy kwa mikono. Mizizi yake si mirefu, hung'oka bila shida. Shida ni kuviokota vipande vyote, kwa sababu kipande kidogo chenye kifundo kikiachwa juu ya mchanga hutoa mizizi tena.